Tunda la Sanduku la Saba

Tarehe 12 Januari

Shangazi, shikamoo.

Huku tu wazima, tukimtoa Baba na redio zake. Ya zamani bado inaongea vizuri, ameleta nyingine, na sasa anaziwasha zote mbili, kila moja stesheni yake. Mama anasema ameolewa na watu watatu na hakuna anayemsikiliza. Mimi nilikohoa wiki mbili kwa vumbi la maabara lakini nimepona.

Sasa kaa chini. Sanduku la saba limefika, na ndani yake mna tunda.

Najua utasema, tunda gani tena, mimi nimekutumia udongo. Ndivyo. Udongo wako tunauloweka kwenye maji na magadi siku tatu, unalegea, tunaumimina juu ya chekeche lenye matundu madogo kuliko ya chujio la chai. Matope yanakwenda zake, yanabaki makombo ya makaa, mabaki ya moto wa msitu uliowaka zamani ambao hakuna mtu aliyeuona kwa sababu watu hawakuwapo. Masanduku yako sita ya kwanza yalitoa vijiti, majani na mbegu kavu. Hili la saba limetoa kitu kisichozidi kichwa cha njiti ya kiberiti. Nimekitia chini ya hadubini. Katikati pana kokwa, ngumu, yenye ukuta mnene. Nje ya kokwa pana tabaka lililonyauka, la vijumba vyembamba ambavyo zamani vilijaa maji. Nyama, Shangazi! Tunda lenye nyama, kama zambarau, ila dogo kiasi kwamba ningepiga chafya ningelipoteza.

Vitabu vingi hapa vinasema mimea ya maua ilipoanza duniani haikuwa na tunda la kuliwa. Ilikuwa na vijimbegu vikavu vya kupeperushwa na upepo au kudondoka miguuni pa mama yao. Nyama ilikuja baadaye sana, baada ya dinosaria kuondoka, ndege na wanyama wa manyoya walipojaa msituni wakitafuta cha kutafuna. Kama tunda hili limetoka kwenye utepe mweusi, ule wa chini kabisa wa machimbo yenu ya udongo wa matofali, basi nyama ilianza mapema mno, maua yenyewe yakiwa bado yanajifunza kuwa maua. Kama limetoka kwenye udongo wa kijivu ulio juu yake, ni tunda tu, na wenzake wamejaa kwenye makabati yetu. Kila kitu kinategemea ulikata wapi.

Masanduku sita uliyatuma na picha: ukuta wa machimbo, rula, na kisu chako kimechomekwa pale ulipokata. La saba halina picha. Umeandika tu kwenye kifuniko, "mweusi." Naiomba picha. Kama haipo, nahitaji sentensi moja kwa mkono wako, Profesa ameishikilia kama mtoto na titi: Nilikata mwenyewe, na niliona nilipokata. Basi, hiyo tu.

Profesa anataka kulitangaza mwezi wa nne mbele ya wataalamu, jina langu likiwa la kwanza. Nilikuambia mwezi wa kumi na moja kwamba mradi wetu utafungwa mwezi wa sita kama hatuna la kuonyesha. Sasa tunalo. Nimekuambatishia picha ya tunda, nimeikuza ienee karatasi nzima.

Mwanao,
Kokwa


Tarehe 3 Februari

Kokwa wangu, marahaba.

Huku mvua imetukalia kichwani wiki ya tatu. Chumba changu kinavuja, nimetega ndoo mbili na karai, zinanipigia ngoma bila kualikwa. Bwana Pole, yule dereva wa kijiko, mashine yetu ya kuchimba, ameota jipu pahali ambapo mtu wa kukaa kutwa hapaswi kuota jipu. Anaendesha amesimama. Tumemcheka mpaka na yeye akacheka, akaumia zaidi. Mwambie kaka yangu redio mbili ni ugonjwa, atafute daktari.

Jina nililokupa limekukaa, eh? Mtoto wa miaka sita anaficha kokwa za matunda kwenye kopo chini ya kitanda changu, mia mbili na kitu, mpaka sisimizi wakahamia. Nilikuchapa. Leo unalishwa kwa kazi ile ile. Ningejua ningekununulia kopo kubwa.

Picha nimeiona. Tunda zuri! Laini, duara, linameta kama ushanga. Nimelibandika ukutani juu ya kitanda. Na nimeelewa maneno yako: mti hauna miguu, mtoto wake hawezi kukulia chini ya kivuli chake, basi unamlipa mpita njia ambebee. Kumbe tunda ni hongo! Ila hebu niambie, kama ni mapema hivyo na walaji wa matunda hawajajaa, hongo ilikuwa ya nani? Hakuna mtu anayepika chakula wageni hawajazaliwa.

Ama picha ya ukuta wa machimbo, kamera ya simu ya ofisi iliingia maji. Udongo ni wa machimbo haya haya, mwanangu, sikuuokota mwezini. Mimi na filimbi yangu tuko pale pale chini ya genge kila siku, macho juu, tayari kupuliza nikiona ufa, na tangu nipewe filimbi hii, miaka kumi na tisa, hakuna aliyefukiwa. Mwambie hivyo Profesa wako.

Kikohozi usikidharau. Kunywa vitu vya moto.

Shangazi yako,
wanaomwita Mama Filimbi


Tarehe 20 Februari

Shangazi, shikamoo.

Sote wazima. Baba amekasirika kuhusu ugonjwa wa redio lakini amezima moja, kwa hiyo Mama anakuombea maisha marefu. Bwana Pole nampa pole yake.

Swali lako la hongo limenikosesha raha kwa uzuri wake. Nimelipeleka kwa Profesa, naye akaliandika ubaoni, jambo ambalo hatujalizoea. Wapo wanaodhani nyama haikuanza kama chakula cha mtu. Ilianza kama ngao. Mbegu laini ina maadui, wadudu, ukungu, ukame, basi mmea ukaifunika kwa tabaka la ziada, chungu pengine, la kuzuia. Baadaye sana akatokea mlaji, mjusi au mnyama mdogo kama panya, akaona ile ngao inalika, na ngao ikageuka karamu. Kilichotengenezwa kuficha ndicho kilichomwita mgeni. Tunda letu likitoka kwenye utepe mweusi, litakuwa shahidi wa habari hiyo.

Likitoka, Shangazi. Hujanijibu.

Nimepiga simu ya ofisi mara nne. Kila mara unasema huku kuna upepo, unakata. Na kuna jambo limeniuma. Umesema tunda ni laini na linameta. Shangazi, tunda hili ni kipande cha mkaa. Limekunjamana, ubavu mmoja umevunjika, halimeti hata kidogo. Hukuitazama picha. Nilitumia mchana mzima kuiandaa kwa ajili yako, ukaibandika bila kuitazama. Haya, una kazi nyingi, nimeyameza.

Unakumbuka ulivyonifundisha kuuma udongo? Likizo zote zile, mimi na kaptula, unanipa punje kwenye ulimi: wa kijivu unakwaruza meno, mweusi unateleza kama siagi. Kwenye pembe ya sanduku la saba zimebaki punje mbili. Udongo mwingine wote ulishakwenda na maji. Naziona kila siku zimekaa pale. Ningependa zaidi neno lako.

Nilikata mwenyewe, na niliona nilipokata. Maneno matano. Tafadhali.

Kokwa


Tarehe 17 Machi

Kokwa,

Marahaba. Mzima mimi. Mvua imepungua.

Umekua, hongera. Sasa unamhoji aliyekufuta makamasi. Mimi sijakudanganya tangu uzaliwe na sitaanza uzeeni. Masanduku saba nimebeba kwa kichwa hiki kutoka shimoni mpaka kwenye lori, hakuna aliyeniomba sentensi nilipokuwa napanda. Kama Profesa haniamini, aje ashike sururu, nitamwazima viatu.

Picha uliyotaka hii hapa. Nimekwenda kupiga leo kwa simu ya mtunza stoo.

Wasalimie wote.

Shangazi


Tarehe 30 Machi

Shangazi, shikamoo, na nisamehe kwa hasira niliyokutia.

Mama ana mafua. Baba anamhudumia, kwa maana kwamba amempelekea redio chumbani.

Picha yako ni ya viatu vyako. Viatu, kidole gumba, na kipande cha ndoo. Ukuta haumo kabisa. Nilidhani umenifanyia utani nikacheka, kisha nikaitazama barua yenyewe na kicheko kikakatika. Maandishi yako yamekuwa makubwa kama ya mtoto wa chekechea. Mistari inapanda mlima, na mstari wa mwisho umeuandika juu ya ule wa kabla yake. Wewe, uliyekuwa unanirudishia barua zangu na makosa yamepigiwa mstari. Mkono wako unatetemeka? Unaumwa? Kuna nini huko ambacho barua zote zinakizunguka bila kukikanyaga?

Profesa ameshaniandalia karatasi. Mahali pa sahihi ni pangu, kwa sababu mimi ndiye ninayemjua mkusanyaji. Natia sahihi tarehe 20 Aprili. Nisikufiche, naogopa. Nimefanya kazi miaka mitano kwenye chumba kisicho na dirisha nikichambua makombo kwa brashi ya nywele tatu, na kwa mara ya kwanza watu wazito wananisalimia kwa jina kwenye ngazi. Nalitaka tunda hili liwe la utepe mweusi. Nalitaka mpaka sijilaumu ninavyolitaka.

Punje mbili bado zipo pembeni. Sijaziuma.

Lori linakuja kwetu mara mbili kabla ya tarehe hiyo. Kama si kweli, niandikie neno moja, "hapana," hata bila salamu. Ukinyamaza, nitachukua kwamba ni ndiyo.

Kokwa


Tarehe 14 Aprili

Kokwa, mwanangu, marahaba.

Hapana.

Nimeliweka mbele usije ukasoma mengine ukalikosa. Sasa nisikilize.

Juzi saa nne asubuhi genge limeanguka. Hakuna aliyekufa, vuta pumzi. Bwana Pole amevunjika mfupa wa bega na kijiko kimefukiwa mpaka shingoni. Jipu lake lilipona zamani lakini mazoea ya kuendesha amesimama yalibaki, na kwa kuwa alikuwa amesimama aliuona ufa juu ya kichwa chake, akapiga kelele, wakakimbia wote sita. Yeye akaruka wa mwisho. Filimbi yangu haikulia. Mimi nilikuwa pale pale, macho juu kama nilivyokuandikia, na ule ufa, wanasema, ulikuwa mpana wa kupitisha mkono.

Bwana Pole amelazwa kwenye mlango tulioufanya machela, ananiuliza, "Mama Filimbi, hukuona?" Hana hata hasira, anauliza tu. Nikasema, "Sikuona." Wakadhani nasema nilikuwa nimeangalia kando. Hawakujua nasema kweli yote.

Sioni, Kokwa. Tangu mwezi wa kumi. Nina mtoto wa jicho, macho yote mawili, kama mtu kaniwekea karatasi ya mafuta mbele. Watu nawajua kwa miguu wanavyotembea. Barua zako nazisoma nje saa sita mchana, karatasi ikigusa pua, na kioo cha kukuzia cha mtunza stoo, ambaye nimemwambia miwani yangu imepotea. Picha ya tunda lako ni nyeusi ndani ya kijivu. Niliona wingu. Nikasema linameta kwa sababu tunda zuri humeta.

Nilikuwa nalisikiliza genge. Ukuta kabla ya kuanguka hutema changarawe, tik, tik, na mimi nina masikio ya paka. Miezi sita nimewalinda watu sita kwa masikio na hakuna aliyejua. Nikajiona hodari! Juzi tuliwasha pampu ya kutoa maji ya mvua. Pampu ilikuwa inanguruma na mimi sikusikia kitu.

Sasa sanduku lako. Masanduku sita ya kwanza ni ya kweli, niliyakata ukutani, kwa macho yangu. Kisha ukaniandikia kwamba mradi unafungwa. Mwezi wa kumi na mbili nilijaribu kushuka kwenye utepe mweusi, ngazi ya tatu sikuiona, nikaserereka kwa makalio mpaka chini, nikasema sirudi. Nikaenda juu, kwenye matuta tunayoanika udongo kabla ya kuupeleka kwenye matofali. Kule unachanganyika wa chini na wa juu. Nikapapasa, nikachagua bonge lililokuwa laini mkononi, nikaandika "mweusi" kwenye kifuniko.

Utaniuliza kwa nini sikuuonja, mimi niliyekufundisha. Sikuuonja kwa sababu ningeuonja ningejua. Na ningejua, nisingeweza kukutumia. Nilitaka uwe nalo sanduku, na nilitaka nibaki mtu wa kukupa masanduku. Ukishaondolewa filimbi hapa, unakuwa mama mmoja tu mwenye ndoo mbili na karai.

Ile sentensi yako siwezi kuiandika. Nimeijaribu mara nyingi na mkono unakataa. Mficha maradhi, kilio humfichua, na kilio nusura kiwe cha nyumba sita.

Filimbi nimekwenda kuiweka mezani kwa meneja mwenyewe. Nimemwambia sababu. Usitie sahihi, mwanangu.

Shangazi


Tarehe 6 Mei

Shangazi, shikamoo.

Barua yako imefika tarehe 2 Mei. Barabara ya kutokea machimboni ilifukiwa pamoja na kijiko, na neno lako "hapana" lilikaa siku kumi na nane kwenye mfuko wa koti la dereva wa lori. Ameniomba radhi sana. Yeye hakuwa na kosa.

Nilitia sahihi tarehe 20. Lori lilikuwa halijaja hata mara moja, nikajiambia, kanyamaza, ni ndiyo. Tarehe 28 Profesa alitangaza. Ukumbi ulijaa. Walipiga makofi, Shangazi. Mama mmoja mtaalamu, mvi tupu, akanyanyua mkono akauliza udongo ulikatwa na nani. Nikasimama. Nikasema, "Shangazi yangu, na hajawahi kukosea tabaka." Wakacheka kwa furaha wakapiga makofi tena.

Tarehe 2 nilisoma barua yako nikiwa nimesimama mlangoni mwa maabara. Kisha nikaenda kwenye sanduku, nikachukua punje moja, nikauma. Ilikwaruza. Niliisikia mpaka ndani ya sikio. Punje ya pili nimempa mwenzetu anayesoma chavua ya maua ya kale, kwa sababu kila tabaka lina chavua zake, na jana ameniambia vilevile: kijivu, wa juu, si wa zamani hivyo.

Nilikwenda kwa Profesa asubuhi ya tarehe 3. Nilidhani atanifukuza. Alivua miwani, akaifuta kwa shati muda mrefu, akasema, "Andika." Nikaandika kwa wote waliokuwa ukumbini. Macho yako sikuyaandika. Nimeandika kwamba mkusanyaji aliulizwa mara tatu, hakujibu, nami nikatia sahihi juu ya ukimya wake. Hiyo ndiyo kweli yangu na aibu yangu. Watu wa kwenye ngazi sasa wananipita wakitazama simu zao. Mradi utafungwa mwezi wa sita.

Tunda lenyewe halina kosa. Ni tunda halali la udongo wa kijivu, nimelirudisha kwenye kabati na namba yake sahihi.

Sasa nikuambie ninachohisi. Nimekukasirikia. Nimekukasirikia mpaka nimelia jikoni na Baba akazima redio yake bila kuombwa. Ungeandika "sioni" mwezi wa kwanza, neno moja, ningepanda lori siku hiyo hiyo. Watu sita, Shangazi! Bwana Pole angekuwa amekaa kitini kama binadamu wengine, leo tungekuwa tunaongea mengine. Ulijifunika, ukajifunika, ukadhani unanilinda mimi.

Na nikishamaliza kukasirika najikumbuka mimi. Punje zile zilikaa mbele yangu tangu mwezi wa kwanza. Kuuma ni nusu dakika. Sikuuma kwa sababu ile ile ya kwako. Umenilea vizuri kuliko ulivyodhani.

Mama anakuja huko mwezi ujao kukupeleka hospitali ya macho. Wanasema mtoto wa jicho ni kazi ya nusu saa. Usimwambie chumba kinavuja, usimwambie kuna upepo. Nilitaka kuja mimi lakini umemwambia nisije. Sawa. Sitauliza kwa nini.

Kokwa


Tarehe 29 Julai

Kokwa wangu, marahaba, na marahaba nyingine za miezi niliyokaa kimya.

Huku kwema. Bwana Pole bega limeunga, kijiko kimefukuliwa, kinakohoa kama wewe mwezi wa kwanza lakini kinachimba. Filimbi anayo mtunza stoo, msichana ana macho ya mwewe na sauti ya kuamsha mji. Siku ya kwanza aliipuliza mara kumi na moja bila sababu, hawakumlaumu. Mimi meneja amenipa kazi ya kupanga matofali ya kukauka, kivulini. Sijafa.

Mama yako ni mwanamke wa shoka. Alinisimamia hospitalini siku nne, kila nikifungua mdomo kulalamika ananiwashia redio, kumbe alikuja nayo, ile ya pili. Nilikukataza usije kwa sababu ya aibu. Nilitaka kwanza nikione nilichokutumia, ndipo nikutazame wewe.

Walinifungua bandeji ya jicho la kulia tarehe 16 Juni. Nilivyorudi chumbani, kabla ya kuvua viatu, nilikwenda kuitazama picha yako ukutani. Loo, mwanangu! Tunda lako ni baya! Limekunjamana kama uso wangu, ubavu umebomoka, jeusi tii. Nami nililala chini yake miezi minne namwambia kila mgeni kwamba ni ushanga. Nikakaa kitandani nikacheka, halafu nikalia, na daktari alikuwa amenikataza kulia. Ndipo nikaona kile ulichokuwa unasema. Kokwa ile imekaa katikati, na lile tabaka limeizunguka pande zote, limeungua lakini halijaiachia. Sijui kama lilikuwa ngao au hongo. Nililitazama mpaka jicho likachoka.

Najua mradi ulifungwa. Mama yako ameniambia unaosha chupa za watu wengine na Profesa amekubakizia meza pembeni ya kabati, bila mshahara wa mradi, uchambue ukipata nafasi. Basi sikutumii kitu cha kukuokoa, nisije nikarudia yale yale. Lakini dereva wa lori anapita, na mimi nina jicho.

Daktari alisema wiki sita nisiende kwenye vumbi. Nilizihesabu kwa mkaa mlangoni. Jana zimeisha. Nimeshuka shimoni, Bwana Pole mbele yangu, mtunza stoo nyuma na filimbi mdomoni kana kwamba mimi ndiye genge. Ngazi ya tatu nimeiona, nikaitukana. Utepe mweusi upo palepale, unene wa mkono mmoja, chini yake maji, juu yake kijivu, na mpaka kati yao umenyooka kama mstari wa daftari. Nilikuwa nimesahau ulivyo mzuri. Picha ziko nne: ukuta, rula, kisu, na moja Bwana Pole amenipiga nimetoa ulimi, mweusi wote, kwa sababu niliuonja pia. Siagi.

Sanduku la nane hilo. Huenda hamna tunda ndani. Huenda mna vijiti vitupu na utaniona nimekuharibia maji na magadi. Sikuahidi kitu, na wewe usiliombe liwe hivi wala vile, lichekeche tu. Ila kuna maneno matano uliniomba tangu mwezi wa kwanza, nami nilikuwa siyawezi.

Nilikata mwenyewe, na niliona nilipokata.

Shangazi yako